Ujifunzaji kwa mradi na miradi ya shule

Ujifunzaji kwa mradi ni njia ya kufundisha ambayo wanafunzi hupewa swali la kweli, wakalifanyia kazi kwa siku au wiki kadhaa, na maarifa ya somo wakayapata humo humo. Maana yenyewe haina ugumu. Kinachotutatiza ni kwamba neno mradi lilikuwa na mwenyewe tayari.

Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, shule za Tanzania zimekuwa na miradi ya uzalishaji mali: shamba la mahindi, bustani ya mchicha, banda la kuku. Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba lao. Kwingi walibaki kupalilia tu, na jembe likawa adhabu ya wachelewaji. Ndiyo maana hadi leo mwalimu akiambiwa afundishe kwa mradi, wazo la kwanza ni mapato. Kenya, baada ya mtaala wa umilisi kuingia, wazazi wengi wanaujua mradi kama kazi ya manila na gundi ambayo wao ndio huimalizia usiku. Hapo somo lilishakwisha darasani. Mradi umebandikwa tu juu yake.

Banda la kuku laweza kabisa kuwa somo. Waulize Darasa la Tano: kuku hawa wanatupa faida au hasara? Itabidi wahesabu mayai kila siku, wapime pumba na dagaa, watafute wastani, wachore grafu, tena wabishane kama kuku aliyekufa aingizwe kwenye gharama. Usipowafundisha wastani hapo, kazi inakwama. Mimi hupima mradi kwa jambo hilo moja: ukiuondoa, je, somo linabaki vilevile?

Sasa tunasikia kwamba walimu "wameshapata mafunzo ya mradi", kumbe ni semina ya siku mbili. Semina inatosha kueleza hatua. Lakini kazi ngumu ya mwalimu ni kujizuia asitoe jibu kundi linapokosea hesabu, na kutambua yule mtoto mkimya ameelewa nini wakati ripoti imeandikwa na mwenzake. Hayo hujifunzwa mbele ya watoto, mwalimu mwenzako akiwa amekaa nyuma ya darasa anaangalia. MEWAKA, yaani mpango wa Tanzania wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imeziweka jumuiya za ujifunzaji shuleni kwa kazi ya namna hii: walimu wapange somo pamoja, mmoja afundishe, kisha wakae na madaftari ya wanafunzi mezani.

Kwa hiyo mwalimu mkuu ukiulizwa kama walimu wako wamefunzwa kufundisha kwa mradi, vyeti vya semina visiwe jibu lako la kwanza. Eleza nani ameingia darasani kwa nani muhula huu, na walibadilisha nini baada ya kuzungumza.