Biofilia: maana yake katika mapambo ya ndani ya nyumba

Biofilia ni miongoni mwa dhana zinazotajwa sana panapozungumzwa mwelekeo wa mapambo ya nyumba katika miaka ijayo, na pia ni miongoni mwa zile zinazoeleweka nusunusu. Wengi huichukulia kuwa ni kujaza sebule vyungu vya mimea. Maana yake ni pana zaidi: ni namna ya kupanga makazi ili anayeishi ndani asitengwe na mwanga wa jua, hewa inayopita, mimea, maji, mbao na mawe, kwa imani kwamba binadamu huzaliwa na mvuto kuelekea viumbe hai.

Dhana hiyo ilienezwa na mwanabiolojia wa Marekani, Edward O. Wilson, mwaka 1984. Mwaka huohuo mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, ambamo wagonjwa 23 waliopasuliwa mfuko wa nyongo na ambao madirisha yao yalitazama miti walilinganishwa na wengine 23 waliotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo, tena walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache. Izingatiwe kwamba miti ile ilikuwa nje. Hakuna aliyeingiza chungu wodini.

Kwa hiyo anayetaka kuifuata dhana hii na aanze na dirisha kabla ya kwenda kununua mimea. Kiti kinachokaliwa zaidi kigeuzwe kielekee nje, kabati refu linaloziba nusu ya dirisha lihamishwe, na pazia zito libadilishwe kwa jepesi linalopitisha mwanga. Mwanga wa mchana hupungua upesi kadiri mtu anavyosogea mbali na dirisha, ndiyo maana meza ya kusomea iliyowekwa kwenye kona ya ndani huhitaji taa hata saa sita mchana. Mabadiliko ya namna hii hugharimu kidogo au hayagharimu chochote, na pengine ndiyo sababu hayatangazwi sana.

Upande wa vifaa, mwelekeo ni kupendelea mbao, mawe, udongo wa kufinyangwa, kitani na henzirani. Tofauti yake na vifaa vya kuiga huonekana mtu anapovitazama kwa karibu. Inama juu ya sakafu ya plastiki iliyochapishwa sura ya mbao: fundo lilelile, lenye ufa uleule pembeni, hujirudia kila baada ya vipande kadhaa, ilhali katika mbao halisi hakuna vipande viwili vinavyofanana. Hata hivyo sakafu hiyo ya plastiki haiogopi maji na husafishika kwa urahisi, na jikoni mimi ningeichagua bila kusita.

Mimea yenyewe imebebeshwa sifa isiyo yake. Utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba mimea ya ndani inaweza kuondoa baadhi ya kemikali hewani, lakini majaribio yalifanyika katika masanduku madogo yaliyofungwa kabisa. Mapitio ya tafiti za aina hiyo yaliyotolewa mwaka 2019 yalikadiria kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili ilingane na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida katika jengo. Kufungua dirisha hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mmea wa ndani, basi, uwekwe kwa ajili ya macho, na uchaguliwe kulingana na mwanga uliopo badala ya picha iliyopendeza. Sansevieria, mmea wenye majani marefu magumu yaliyosimama wima, huvumilia kona yenye mwanga hafifu na wiki kadhaa bila maji. Kinachoiua mara nyingi ni kumwagiliwa kupita kiasi, kwa kuwa mizizi huoza kwenye udongo usiokauka. Chungu kiwe na tundu chini, na kabla ya kumwagilia kidole kizamishwe udongoni: kikitoka na unyevu, maji yasubiri.