Kwa nini jibu la fasihi lililojaa dondoo hupoteza alama?

Swali likisema "thibitisha", watahiniwa wengi hulielewa kuwa ni "nukuu", na kwamba dondoo zikiongezeka hoja nayo inapata nguvu. Sivyo. Dondoo haithibitishi kitu mpaka uonyeshe ni neno lipi ndani yake linalobeba hoja, na linaibebaje. Hakimu hamtii mtu hatiani kwa kuwa panga limewekwa mezani. Wakili wa mashtaka lazima aeleze lilikutwa wapi, kwa nani, na linamhusishaje mshtakiwa na tukio. Mapanga kumi yasiyoelezwa hayazidi moja.

Kusimulia kisa upya nako hakusaidii. Mtahini anakijua kisa. Anachotafuta ni hoja yako juu yake.

Chukua ubeti huu wa Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858:

Maradhi yamenshika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Tuseme umeulizwa nafsineni, yaani anayezungumza katika shairi, ana hisia gani anapoanza kumuusia binti yake. Jibu dhaifu: "Nafsineni ni mgonjwa. Anasema, 'Maradhi yamenshika.'" Hapo dondoo imerudia tu sentensi iliyoitangulia, na hisia haijaguswa.

Jibu lenye mashiko: "Nafsineni anahisi amechelewa kutimiza wajibu wake. Anasema maradhi 'yametimu mwaka' na kwamba 'sikupata kutamka'. 'Yametimu' inaonyesha muda uliohesabiwa hadi ukakamilika, na 'sikupata' inaonyesha kuwa kilichokosekana ni nafasi, si nia. Ndiyo maana wosia wake unaanza kwa uzito wa mtu anayelipa deni."

Maneno yaliyonukuliwa ni manne tu. Sentensi ya kwanza ni hoja, ya pili ushahidi, ya tatu ufafanuzi, ya nne inarudi kwenye swali. Ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayofanya kazi yote.

Lakini usivuke mpaka wa ubeti. Hausemi kwamba mama anaogopa kufa. Anayedai hofu hiyo atafute ushahidi kwingine katika utenzi, au aandike "huenda".

Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, Karatasi ya Tatu ya Kiswahili humtaka mtahiniwa ajibu maswali manne ya alama 20 kila moja kwa saa mbili na nusu, yaani dakika kama 37 kila swali. Tumia dakika tano za mwanzo kuorodhesha hoja, kisha itafutie kila moja tukio au usemi wake. Anayeanza na dondoo alizokariri huishia kulazimisha swali lizifuate. Ukiombwa muktadha wa dondoo, taja msemaji, anayeambiwa, mahali na kilichosababisha kauli hiyo. Usipokumbuka maneno kamili, eleza tukio kwa maneno yako bila alama za kunukuu, ukitaja nani alifanya nini.