Kwa nini besi hukwaruza pale shingo yake inaponyooka kama rula?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba shingo ya gitaa la besi inatakiwa kunyooka kama rula, na kwamba ile "zzz" inayosikika kwenye freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ni dalili ya shingo iliyopinda. Besi ya kwaya yetu hapa Kirumba, Mwanza, ilipoanza kukwaruza uzi wa E kwenye freti ya pili na ya tatu, nikachukua alenki, ule ufunguo wa pembe sita, nikakaza trasirodi, yaani ile fimbo ya chuma iliyolazwa ndani ya shingo. Nilikaza mpaka shingo ikanyooka kabisa. Mkwaruzo ukazidi, ukafika hadi freti ya tano.

Shingo hutakiwa kupinda kidogo. Upindaji huo una upande wake: katikati ya shingo ibonyee, kama sakafu ya mtumbwi, isitune kama mgongo wa kobe. Nyuzi nne za besi zikishakazwa kwenye sauti zake huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, nazo ndizo huleta huo ubonyeo. Trasirodi huvuta kinyume chake. Ukiikaza unanyoosha shingo, na ukizidisha unaitunisha. Nilikuwa nauondoa ubonyeo ambao uzi unauhitaji ili ucheze.

Chukua kamba ya kuruka ya watoto. Ncha moja ifunge kwenye kigingi kifupi, kinachoinuka kidogo tu kutoka ardhini. Ncha ya pili mtoto aishike usawa wa goti, aizungushe. Kamba hutanuka zaidi katikati, lakini haichapi vumbi pale. Huchapa karibu na kigingi, kwa sababu upande huo kamba yenyewe iko chini. Sasa chimba ardhi kidogo tu mbele ya kigingi. Kamba inapita bila kugusa, na mtoto hajalazimika kuinua mkono.

Kigingi ni freti uliyobonyeza, mkono wa mtoto ni daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili, na freti zinazofuata ndiyo ardhi. Uzi wa E hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na ndio mnene kuliko wenzake, kwa hiyo unadai nafasi kubwa. Uzuri ulioje kwamba nafasi yenyewe ni kama milimita 0.3 tu!

Kuipima si kazi. Tyuni gitaa kwanza. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, kisha angalia pengo juu ya freti ya saba au ya nane. Fundi pikipiki ana kipimo kinachofaa: zile sahani nyembamba za chuma za kupimia nafasi ya valvu. Pengo lisipokuwepo, legeza trasirodi kwa robo mzunguko, tyuni tena, pima tena. Gitaa nyingi hulegea kinyume cha mshale wa saa, ila si zote. Ikikataa kuzunguka, usiilazimishe, hukatika.

Si kila mkwaruzo ni wa shingo. Ukisikika uzi ukiwa wazi tu, yaani haujabonyezwa popote, tazama kile kipande chenye mifereji kilicho karibu na kichwa cha gitaa: huenda mfereji umelika. Ukiwa mahali pamoja tu, freti inayofuata huenda imeinuka. Ukienea shingo nzima na pengo ni sahihi, inua uzi kwenye daraja; milimita 2.4 juu ya freti ya 17 kwa upande wa E ni mwanzo mzuri. Watu wengi huanzia hapo kwenye daraja, nami sikubaliani nao, kwa sababu pengo likibadilika baadaye urefu huo nao hubadilika.

Huku kwetu ziwani kuna jambo jingine. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika, Machi hadi Mei, na kukauka Juni hadi Agosti, na shingo hufuata. Baadhi hubonyea, baadhi hutuna, kutegemea mbao na jinsi zilivyokatwa. Besi yetu ilianza kukwaruza mwezi Julai. Nililegeza robo mzunguko mara mbili, pengo likafika 0.3, na freti ya pili ikalia safi.