Mshono wa Picha: Haki ya Anayehojiwa katika Habari na Filamu za Makala

Katika mafunzo tunayowapa watayarishaji wa vipindi kuna zoezi ambalo huliweka siku ya kwanza, kabla watu hawajachoka. Kila kundi hupewa vipande vitatu vya picha: mjane anayesimulia jinsi nyumba yake ilivyobomolewa, diwani anayetazama saa ya mkononi, na mjane yuleyule akijifuta machozi kwa upindo wa khanga. Karibu kila kundi huvipanga kwa mfuatano huohuo, na karibu kila anayetazama humchukia diwani. Baada ya hapo ndipo tunawaonyesha mkanda mzima. Diwani alitazama saa kabla mahojiano hayajaanza, kwa sababu fundi wa sauti alikuwa amemwuliza ni saa ngapi. Hakuna picha iliyoghushiwa hata moja. Yote yalitokea, ila hayakutokea hivyo.

Umma umezoea kuuliza kama picha ni ya kweli au ya kutengenezwa. Ni swali zuri, hasa siku hizi, lakini kwa uzoefu wangu dhuluma nyingi hufanyika mahali pengine, yaani kwenye mshono, pale picha moja inapoishia na nyingine inapoanza. Mwaka 2007 BBC ilionyesha waandishi wa habari kionjo cha kipindi ambamo Malkia Elizabeth II alionekana kana kwamba ametoka kwa hasira katika kikao cha kupigwa picha na mpiga picha Annie Leibovitz, kumbe kipande kile kilirekodiwa alipokuwa akielekea kwenye kikao chenyewe. Mkuu wa chaneli ya BBC One, Peter Fincham, alijiuzulu kabla mwaka haujaisha. Mtu angedhani somo limeeleweka. Hata hivyo, mwezi Oktoba 2024 kipindi cha Panorama cha shirika hilohilo kiliunganisha sehemu mbili za hotuba ya Donald Trump ya tarehe 6 Januari 2021, sehemu zilizoachana kwa karibu saa nzima, zikasikika kama kauli moja. Novemba 2025 Mkurugenzi Mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness waliachia ngazi. Haijalishi kama mtazamaji anampenda Trump au hampendi. Pumzi ambayo msemaji hakuivuta hairuhusiwi kuvutwa na mhariri kwa niaba yake.

Kwetu Afrika Mashariki mfano unaouma zaidi ni wa Mwanza. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu ya makala iitwayo Darwin's Nightmare kuhusu biashara ya sangara wa Ziwa Victoria. Minofu inapakiwa kwenye ndege za mizigo kwenda Ulaya, na nyuma yake wanabaki watoto wa mitaani, wanawake wanaouza miili yao, na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, yakianikwa juani huku funza wakitambaa. Filamu ilipata tuzo Ulaya na mwaka 2006 iliteuliwa kuwania Oscar. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, akiona imeichafua nchi.

Swali linalopita ndani ya filamu yote ni hili: ndege hizo zinapokuja, zinaleta nini? Wengi hutoka wakiamini kwamba zinaleta silaha. Kilele cha swali hilo ni rubani mmoja anayekiri kwa huzuni kuwa aliwahi kupeleka shehena ya kivita Angola, kisha akapakia zabibu Johannesburg kuzipeleka Ulaya. Ni ungamo zito, nami sina sababu ya kulitilia shaka, lakini linahusu Angola. Linapowekwa katikati ya picha za uwanja wa ndege wa Mwanza linavaa nguo za Mwanza, na mtazamaji aliyeketi Paris hana njia ya kuzivua. Kwa kuwa naandika juu ya haki, lazima niseme na upande wa pili: umaskini alioupiga picha Sauper ulikuwepo, na mwanahistoria wa Ufaransa aliyemtuhumu Sauper kwamba aliwalipa watoto waigize alishindwa mahakamani katika kesi ya kashfa mwaka 2008, akashindwa tena katika rufaa. Ningekuwa mhariri wa filamu ile nisingeondoa picha hata moja. Ningeomba sentensi moja tu ya kumweleza mtazamaji kipi kilithibitishwa Mwanza na kipi kilisimuliwa kutoka kwingine.

Kinachonikera zaidi ni yaliyofuata. Kelele zilipopanda, mtengenezaji alikuwa Ulaya, na waliobaki kando ya ziwa kujibu maswali ya mamlaka na majirani ni wale waliokubali kuzungumza naye. Hapo ndipo neno ridhaa linapopata uzito wake. Kusaini fomu ya Kiingereza iliyosomwa harakaharaka na mkalimani anayewahi gari si ridhaa, wala mwenyekiti wa mtaa hawezi kuitoa kwa niaba ya mama lishe. Anayepigwa picha anapaswa kuelewa kwa lugha anayoizungumza nyumbani kwake kwamba kipindi kitaonekana wapi, kwamba kikishawekwa kwenye intaneti jirani na mwajiri wake watakiona, na kwamba anaweza kukataa swali lolote bila kunyimwa soda aliyoahidiwa. Kwa mtoto tahadhari ni kubwa zaidi. Nimeona vipindi vinavyoficha uso wa binti aliyenyanyaswa na kuacha wazi sweta la shule lenye nembo, kana kwamba mtaa mzima haumjui.

Tafsiri nayo ni mshono. Mama akisema, “Maisha ni kubangaiza tu, lakini tunashukuru,” na maandishi chini ya picha yakasomeka kwa lugha ya kigeni kwamba hana chakula, tayari amegeuzwa mtu mwingine. “Tunashukuru” hiyo imebeba heshima yake, na mara nyingi ndiyo inayokatwa kwanza kwa sababu haiendani na muziki wa huzuni.

Anayetuhumiwa ana haki ya kujibu, nayo inahitaji muda. Kumpigia mtu simu saa kumi na moja jioni ilhali taarifa ya habari inasomwa saa mbili usiku, kisha kutangaza kwamba “hakupatikana”, ni kutimiza utaratibu kwa hila.

Namna ya kujipima ninayoiamini ni kufikiria kwamba aliyepigwa picha ameketi kiti cha jirani siku ya maonyesho. Machi 2012 jambo hilo lilitokea Lira, kaskazini mwa Uganda, ambako filamu ya dakika 30 iitwayo Kony 2012, iliyokwisha kutazamwa na mamilioni ya watu mtandaoni, ilionyeshwa hadharani kwa wananchi walioishi na vita ya Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Watu walizomea, mawe yakarushwa, na waandaaji wakasitisha maonyesho mengine. Mateso yalikuwa yao, lakini walimwona Mmarekani aliyeitengeneza filamu na mwanawe mdogo wakiwa katikati ya hadithi. Simaanishi kwamba anayeonyeshwa ni lazima apendezwe, maana mla rushwa hatapendezwa kamwe na kipindi kinachomfichua. Hata yeye, hata hivyo, anapaswa kuyatambua maneno yake kuwa ndiyo aliyoyasema, mahali alipoyasema.

Mwananchi anayeona amepotoshwa na kipindi aandike tarehe, saa na jina la kituo, ahifadhi nakala kama inawezekana, kisha amwandikie kwanza mhariri. Asiporidhika, Tanzania anaweza kupeleka shauri kwa Kamati ya Maadili ya Baraza la Habari Tanzania, au kwa Kamati ya Maudhui ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ikiwa ni redio au televisheni; Kenya ipo Tume ya Malalamiko iliyoundwa chini ya Sheria ya Baraza la Habari ya mwaka 2013. Malalamiko yataje sekunde na dakika. “Mmenichafua” ni vigumu kuishughulikia, ilhali “jibu langu la dakika ya nne mmeliweka chini ya swali ambalo sikuulizwa” mhariri yeyote anaweza kulikagua kwa kufungua mkanda wake mbichi.