Je, wajua umeme huinuaje unyayo uliolegea?

Mtu anapotembea, vidole vya mguu unaopita hewani huikwepa ardhi kwa sentimita 1 hadi 2 tu. Misuli ya mbele ya muundi ikilegea kidogo, vidole vinakwaruza sakafu. Ndiyo hali ya wengi waliopata kiharusi: unyayo unaning'inia, na ili upite, mtu huuzungusha mguu mzima kwa nje kama anayefyeka majani. Kipo kifaa kidogo, cha kutosha kiganjani, chenye vibandiko viwili vinavyowekwa chini ya goti, ambacho huuinua unyayo huo kwa umeme.

Ili kukielewa, fuata njia ya amri. Amri ya "inua unyayo" hupita kwenye nyaya mbili. Wa kwanza hutoka ubongoni hadi kwenye uti wa mgongo. Wa pili ni neva inayotoka kwenye uti hadi kwenye msuli. Kiharusi huharibu wa kwanza. Wa pili unabaki mzima, ila hakuna anayeupigia. Kifaa ndicho kinachoupigia, na msuli unaitika kama ulivyokuwa ukiitika zamani.

Hapo hapo utaona kwa nini hakimfai kila mwenye unyayo uliolegea. Polio huua seli za neva hiyo ya pili, inayotoka kwenye uti hadi kwenye msuli. Jeraha la pembeni mwa goti linaweza kuikata neva yenyewe. Msuli uliokosa neva hauitiki mapigo mafupi kama haya. Hutaka mapigo marefu zaidi kwa mamia ya mara, na kifaa cha kutembelea hakina. Jambo la pili la kupima ni kifundo chenyewe: nyoosha goti, sukuma unyayo juu kwa mkono. Usipofika pembe ya digrii 90, kigimbi kimekaza, na kazi ya kwanza ni kukinyoosha.

Kibandiko cha kwanza huwekwa kwenye neva. Papasa upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, utakutana na kinundu cha mfupa. Neva hupita nyuma yake na kuzunguka chini yake, karibu sana na ngozi. Kibandiko cha pili hukaa sentimita 5 hivi chini zaidi, juu ya nyama iliyo kando ya mfupa wa muundi. Keti, unyayo ukining'inia, kisha uongeze umeme polepole kuanzia sifuri. Kila pigo hudumu mikrosekunde 300 hivi, mapigo ni 40 hivi kwa sekunde, na mkondo ni wa makumi ya miliampea. Kinachotafutwa ni unyayo kupanda na kuelekea nje kidogo tu. Ukipinda nje mno, sogeza kibandiko cha juu sentimita moja kuelekea mbele. Ukipinda ndani, kirudishe nyuma, maana hapo ndipo mtu huteguka. Ukihisi mchonyoto mkali na unyayo hausogei, usiongeze umeme. Tafuta upya mahali.

Kuuinua unyayo ni kazi rahisi. Kuuinua kwa wakati wake ndiko kugumu. Mguu hukaa hewani kwa sehemu 4 hivi kati ya 10 za mzunguko wa hatua, yaani chini ya nusu sekunde kwa mtembeaji wa kawaida. Mwaka 1961 Wladimir Liberson na wenzake, huko Marekani, walieleza dawa yake: swichi ndani ya kiatu. Kisigino kikinyanyuka, umeme unawaka, kikitua, unazima. Mtu anayekanyagia vidole, ambaye kisigino chake hakigusi chini, huwekewa swichi kwenye kiatu cha pili, ikifanya kazi kinyume. Vifaa vya siku hizi vingi hutumia kihisi kinachosoma mwinamo wa mguu. Umeme haupaswi kuja kwa kishindo, kwani unyayo ukirushwa ghafla kigimbi kilichokakamaa hujibu kwa kuuvuta chini. Wala usikatike ghafla kisigino kikitua: unyayo utapiga sakafu pa!

Kwa nini msuli huchoka haraka? Mwili ukijiendesha wenyewe, nyuzi za msuli hupokezana: baadhi zinavuta, nyingine zinapumzika. Kifaa huziamsha zile zile, zote kwa pamoja, kila pigo. Kwa hiyo anza na dakika 10 au 15 kwa siku, ongeza wiki hadi wiki.

Je, ni bora kuliko kishikizo cha plastiki cha kifundo? Kwa kasi ya kutembea, tafiti zimeona havipishani sana. Umeme hufanya kazi mguu ukiwa hewani. Anayeyumba kifundo akiwa amekanyaga afadhali kishikizo. Na umeme ukizimwa, kwa wengi unyayo hurudi kuning'inia, ingawa wapo wanaobaki na nafuu. Mwenye betri ya moyo asikijaribu bila idhini ya daktari wake wa moyo. Mjamzito, mwenye kifafa kisichodhibitiwa au mwenye saratani karibu na mahali pa kubandika aulize kwanza.

Kasoro nyingi za kila siku ni ndogo. Ngozi yenye mafuta au losheni huzuia umeme: ifute kwa maji matupu. Nywele zipunguzwe kwa mkasi, zisinyolewe kwa wembe. Kibandiko kilichobanduka ukingo ni hatari kuliko kinavyoonekana, kwa sababu mkondo wote hujibana kwenye eneo dogo na unaweza kuunguza. Kifaa chenye swichi ya kiatuni kikianza kuruka hatua, kabla ya kulaumu betri kagua waya wa swichi pale unapopinda kuingia kiatuni.