Kihisi hakipimi unachodhani kinapima

Mwanafunzi mmoja aliniletea roboti yake akiwa amekata tamaa. Ilikwepa kuta, ilikwepa masanduku, lakini ikifika kwenye pazia ilijitosa kana kwamba mbele hakuna kitu. Alikuwa ameshabadilisha kihisi cha umbali mara mbili. Cha tatu nacho kikafanya yaleyale, akaanza kuishuku programu.

Programu ilikuwa sawa na vihisi vyote vilikuwa vizima. Shida ni kwamba kihisi hicho, HC-SR04, kile chenye macho mawili ya duara, hakijui umbali ni nini. Kinachojua ni muda. Bodi, yaani ubongo wa roboti unaoendesha programu, inakipa pigo la umeme la mikrosekunde 10, nacho kinatoa mlio wa kilohezi 40, ulio juu mno kwa sikio la binadamu, kisha kinaipandisha pini ya mwangwi na kuiacha juu hadi mlio urudi. Kuugeuza muda huo kuwa sentimita ni kazi yako. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila sentimita, kwenda na kurudi, huchukua mikrosekunde 58 hivi. Ndiyo maana utaikuta namba 58 kwenye programu nyingi, imekaa tu bila maelezo.

Ukishalielewa hilo, pazia halikushangazi tena. Kitambaa laini humeza mlio. Ubao uliokaa mshazari huurusha pembeni, kama mpira uliopigwa ukutani kwa pembe. Kwa kihisi, mwangwi usiorudi maana yake ni kwamba njia ni nyeupe. Roboti mbili zikiwa karibu, moja huweza kusikia mlio wa mwenzake na kuudhania wake. Hata joto limo: mita 343 ni za nyuzi 20, kwenye nyuzi 30 sauti hukaribia mita 349, na ukuta ulio mbali mita moja utasomeka kama sentimita 98. Kwa roboti ya kukwepa viti, hilo si neno. Kwa anayepima kina cha maji ndani ya tangi, ni neno.

Kabla sijaondoka kwenye kihisi hiki: toleo lake la kawaida hutumia volti 5, na pini ya mwangwi hurudisha volti 5 hizohizo. Bodi ya Arduino Uno haina tatizo nalo. Bodi ya Micro:bit, ambayo pini zake ni za volti 3 na kidogo, inalo. Rezista mbili (vijisehemu vya kuzuia umeme), ya kiloomu 1 na ya kiloomu 2, zinatosha kuigawa volti hiyo ishuke hadi 3.3. Ni dakika tano za kazi, na bado watu huziruka kwa sababu bodi haifi papo hapo.

Vihisi vya kufuata mstari navyo vina ujanja wao. Tunasema vinaona rangi nyeusi, lakini vinachofanya ni kutoa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa jicho, na kupima kiasi kinachorudi. Upo wino ambao kwa jicho ni mweusi tititi, ila kwa infraredi unang'aa karibu kama karatasi. Jua nalo limejaa infraredi, kwa hiyo roboti iliyofuata mstari bila kosa usiku huweza kupotea asubuhi karibu na dirisha. Usinakili namba ya mpaka kati ya nyeupe na nyeusi kutoka kwa mtu mwingine. Weka kihisi juu ya sehemu nyeupe, soma. Kiweke juu ya mstari, soma. Chukua namba ya katikati. Rudia kila unapohamia chumba kingine. Na kikae karibu na sakafu, milimita chache tu, kwani kikiinuka kidogo tofauti kati ya nyeupe na nyeusi inayeyuka.

Lakini kilichonipotezea siku nyingi kuliko vyote si kihisi. Ni umeme. Nilikuwa na roboti ambayo usomaji wake wa umbali ulikuwa safi mezani, ila magurudumu yakianza kuzunguka namba ziliruka ovyo, na mara nyingine bodi ilijizima na kuanza upya. Niliandika programu ya kuchuja namba, nikaongeza wastani wa vipimo vitano, nikajiona fundi. Kumbe mota zilikuwa zinakula chakula cha bodi. Mota inapoanza kuzunguka hufyonza umeme mwingi kwa kitambo kifupi, volti inaporomoka, na kihisi kinachotegemea volti hiyohiyo kinaanza kuweweseka.

Pini ya Uno imeundwa kwa miliampia 20 hivi, na 40 ndiyo mwisho wake. Mota ndogo yenye gia ikikwama huvuka hapo kwa mbali, kwa hiyo katikati lazima ikae moduli ya kuendesha mota. Moduli ya L298N ni maarufu na ni ngumu kuua, lakini ni mlafi: hujilia karibu volti 2 na kuzigeuza joto. Ukiwa na betri nne ndogo za volti 1.5, mota inabakiwa na volti 4 tu. Moduli nyingine, TB6612FNG, hupoteza kidogo sana, nami siku hizi nachukua hiyo bila kufikiri mara mbili. Servo, yaani mota zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru, pia zipe betri yake. Ila hasi zote ziungane, la sivyo amri ya bodi haitakuwa na pa kulinganishiwa, na servo itatetemeka tu.

Na ile betri ya mraba ya volti 9? Haina nguvu ya kulisha mota. Iachie redio.

Kwa hiyo, roboti ikianza kusoma vituko, sigusi programu kwanza. Naweka multimita, yaani kipima umeme, kwenye pini za umeme za kihisi, naishika roboti hewani na kuwasha mota. Kwenye ile roboti yangu volti ilishuka kutoka 5 hadi 3.9.