Mtandaoni, Uliza kwa Majina ya Zamani

Juzi mwanafunzi wa mwaka wa pili alifika mezani petu maktabani akiwa amenuna. Bando lake lilikuwa limekwisha, na usiku kucha wa kusaka habari za kuuawa kwa Tom Mboya katika kumbukumbu za 1969 haukumpa kitu. Nikamwomba anionyeshe alichoandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Aliandika jina la Mboya, kisha "Moi Avenue". Hapo ndipo alipojifungia mlango mwenyewe. Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 katika barabara iliyoitwa Government Road. Karani wa mwaka huo angeandikaje jina ambalo barabara ilikuwa bado haijapewa?

Wanafunzi wengi wa historia na elimu ya jamii huja wakiuliza tovuti ipi ni nzuri. Mimi huwauliza kwanza wana majina gani mkononi. Mitambo mingi ya kutafutia kumbukumbu za kale hulinganisha herufi kwa herufi. Haijui kwamba Murang'a ndiyo Fort Hall, Kisumu ndiyo Port Florence, na Nyahururu ndiyo Thomson's Falls. Ziwa Turkana utalikuta kama Lake Rudolf. Hapa Nairobi, Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue, Koinange Street ilikuwa Sadler Street, na Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street. (Mabwana wakubwa wa ukoloni wakawapisha Koinange, mzee aliyewekwa kizuizini, na Kimathi, mpiganaji aliyenyongwa. Waliobadilisha vibao hivyo walijua walichokuwa wakifanya.)

Majina ya jamii yana mtego mkubwa zaidi. Neno "Kalenjin" lilianza kushika miaka ya 1940, kwa hiyo ukilitafuta katika ripoti za 1910 utarudi mikono mitupu. Andika Nandi, au "Lumbwa" kwa Wakipsigis, au "Suk" kwa Wapokot. Waluo na Waluhya wamefichwa chini ya "Kavirondo", nao Wamijikenda chini ya "Nyika", jina ambalo wenyewe hawalipendi. Yatumie kutafutia tu. Ukiyahamishia kwenye insha yako, yatie ndani ya alama za kunukuu ili msomaji ajue maneno ni ya nani.

Hata mipaka imehama. Hadi 1902 Kisumu na Naivasha zilikuwa chini ya Uganda. Anayetafuta habari za reli ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901 na akajibana kwenye mafaili ya Kenya pekee anapoteza muda wake. Jina lenyewe la Koloni ya Kenya ni la 1920. Kabla ya hapo nchi ilikuwa East Africa Protectorate.

Ukishakuwa na orodha ya majina hayo ya zamani, anza na Gazeti Rasmi la Serikali. Toleo la kwanza ni la 1899, na matoleo mengi yanasomwa bure kupitia Kenya Law, tovuti ya sheria za nchi, na Google Books. Wengi hulidharau wakidhani ni matangazo makavu ya mirathi. Lakini humo mna uteuzi, ardhi iliyotwaliwa, leseni na amri za serikali, toleo kwa toleo. Tahadhari moja: kurasa zilipigwa picha, kisha mashine ikazisoma, nayo hukosea herufi zilizofifia. Jina likikataa kutokea, tafuta kwa tarehe na ufungue ukurasa kwa macho yako. Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, nazo zisome hivyo hivyo.

Hata hivyo, usiishie kwenye karatasi za serikali. Tarehe 14 Machi 1922 Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni, alikamatwa, na siku mbili baadaye umati uliodai aachiliwe ukamiminiwa risasi hapa Nairobi. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Masimulizi ya upande wa Waafrika yametaja 56. Hesabu ya kwanza imo katika karatasi zilizowasilishwa kwa Bunge la Uingereza mwaka huo huo, na maofisa walioziandika walikuwa na sababu ya kujitetea. Ushujaa wa Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea wanaume wasirudi nyuma, tumeupata zaidi kwa vinywa vya watu. Mwanafunzi anayeishia kwenye karatasi za London ataandika maandamano yasiyo na mwanamke huyo, na hatajua amekosa nini.

Kuna pia kilichofichwa makusudi. Mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa wakidai haki mahakamani London, ilibainika kwamba mafaili yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru yalikuwa yamewekwa Hanslope Park, Uingereza. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya walalamishi 5,228. Mafaili hayo sasa yako katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, chini ya alama FCO 141. Ikumbuke alama hiyo, maana ndiyo inayofungua orodha yake mtandaoni.

Kwa historia ya pwani, hati za mkono za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Hapa pia jaribu tahajia zaidi ya moja: Riyadha, Riyadh, Riyada. Makala za wasomi ziko JSTOR, ambako akaunti ya bure hukuruhusu kusoma idadi fulani, na AJOL kwa majarida ya Afrika. Tasnifu za Chuo Kikuu cha Nairobi zinapakuliwa kutoka hazina yake ya kidijitali. Takwimu za sensa zichukue kwa KNBS yenyewe, shirika la serikali la takwimu. Ile ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296.

Programu za akili bandia ninazitumia kutengeneza orodha ya majina ya zamani, si zaidi. Nimeletewa mara kadhaa namba ya faili iliyoandikwa kwa madaha na programu hizo, na faili lenyewe halipo duniani.

Yule kijana tulimwandikia orodha yake kwenye nusu karatasi, nikamwelekeza pia kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafaili yake haijaingia mtandaoni. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza Tom Mboya Street yenyewe iliitwaje zamani.

Victoria Street, nikamwambia. Akaiongeza kwenye karatasi.